Trekta ya Mzee na mikono mitatu ya Ferguson

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na najua kuna wanaongoja sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msinichoke. Leo nina jambo tofauti kabisa ambalo limenikaa kichwani mwezi mzima, nalo lilianza kwa simu kutoka nyumbani.

"Wewe si ulisomea kompyuta?" Mzee aliuliza, hata salamu hazijaisha.

"Ndiyo, Baba."

"Basi nitafutie trekta."

Ninyi wenzangu wa kuandika programu mnayajua mambo haya. Ukishasoma kompyuta, kwenu unakuwa fundi wa redio, fundi wa simu, fundi wa printa ya kanisa, na sasa mshauri wa kilimo. Lakini safari hii haikuwa mzaha. Mzee amestaafu ualimu, na ana ekari 6 nje kidogo ya mji wa Kitale. Ekari 4 ni za mahindi, zilizobaki ni boma, majani ya ng'ombe na viazi kidogo. Kila mwaka hukodi trekta ya watu, na kila mwaka mwenye trekta huanza na wale wa ekari 50, kisha wale wa 20, halafu sisi. Simlaumu sana, maana kuhamisha trekta kilomita kadhaa kwa ajili ya ekari 4 ni kuchoma dizeli bure. Lakini mwaka jana mvua ilishuka tukiwa bado kwenye foleni. Tulipanda wiki 3 baada ya majirani, na shamba ambalo hutupa magunia zaidi ya 70 likatupa 38.

Kwa hiyo Mzee ameamua kutumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua trekta ndogo. Mama hataki. Anasema pesa hizo zilipangiwa karo ya kitinda mimba wetu, na kwamba chuma hakishibi. Sasa mimi ndiye niko katikati, na nikimshauri Mzee vibaya hakuna kiinua mgongo kingine kinachokuja.

Nilifanya vile ambavyo ningefanya nikichagua seva ya kampuni. Nilifungua lahajedwali, nikaweka safu ya nguvu za farasi, safu ya bei, safu ya mwaka wa kutengenezwa. Nilikuwa na trekta 3. Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo, nguvu za farasi 25, magurudumu yote manne yanavuta. Ya pili ilikuwa ya Kijapani iliyotumika, nguvu za farasi kama 20, inauzwa pamoja na rotaveta yake. Ya tatu ilikuwa Massey Ferguson kuukuu ya nguvu za farasi 47, zile nyekundu ambazo kila mtoto wa Trans Nzoia anazijua. Lahajedwali yangu ilisema chukua ile kubwa, kwa sababu bei ya kila farasi mmoja ni nafuu. Nikampelekea fundi mmoja wa Kitale ambaye amefungua matrekta tangu sijazaliwa. Aliisoma kwenye simu, akanirudishia, akaniuliza swali moja tu: "Na mikono ya nyuma umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. Hata sikujua kwa nini niiangalie. Swali hilo ndilo lililonipeleka kusoma historia usiku kucha, na ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Turudi mwaka 1917. Henry Ford, yule wa magari, alianza kuuza trekta iliyoitwa Fordson. Ilikuwa rahisi kuunda, nyepesi kwa kulinganisha na majitu ya wakati ule, na kufikia 1922 bei yake Marekani ilikuwa imeshuka hadi dola 395. Ziliuzwa mamia ya maelfu. Tatizo lilikuwa nyuma. Plau ilifungwa kwenye trekta kwa namna ileile ilivyofungwa kwenye farasi, yaani kitu kizito chenye magurudumu yake kinachokokotwa kwa mnyororo au nyuzi ya chuma. Farasi akikwama anasimama. Trekta haina akili hiyo. Plau ikinasa kwenye jiwe au mzizi, na magurudumu makubwa ya nyuma yakakataa kuzunguka, injini inaendelea tu kusukuma gia. Kama gurudumu haliwezi kuzunguka chini ya trekta, basi trekta yenyewe inazunguka juu ya gurudumu. Pua inainuka, na kabla dereva hajafikia klachi mashine nzima imemwangukia kwa nyuma. Fordson iliua watu wengi kwa njia hiyo, na ilijulikana kwa sifa hiyo mbaya.

Suluhisho la kawaida la wahandisi lilikuwa kuongeza uzito. Trekta ikiwa nzito, haiinuki na haitelezi. Lakini trekta nzito ni chuma kingi, chuma kingi ni bei, na udongo nao unashindiliwa hadi mizizi inashindwa kupita. Mkulima mdogo akaachwa nje. Nadhani mnaona inavyofanana na kazi yetu: programu ni polepole, kwa hiyo nunua seva kubwa zaidi.

Mtu aliyekataa jibu hilo alikuwa Harry Ferguson. Alizaliwa 1884 kwenye shamba katika County Down, kaskazini mwa Ireland, akakimbia kazi ya shamba akawa fundi wa magari na pikipiki mjini Belfast. Tarehe 31 Desemba 1909 aliruka kwa ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka Ireland. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kikiwa haba, serikali ilimwomba azunguke mashambani kuangalia jinsi matrekta yanavyotumika. Alichokiona hakikumpendeza. Akatoka na wazo ambalo likisemwa linaonekana la kitoto: plau na trekta si vitu viwili vilivyofungwa pamoja, ni kitu kimoja, na vibuniwe pamoja.

Yeye na wasaidizi wake walihangaika na wazo hilo miaka mingi. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya sehemu iliyo muhimu zaidi aliipata Uingereza mwaka 1926. Naomba mnivumilie hapa nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu ni moja ya vitu maridadi zaidi nilivyowahi kusoma, na nimesoma msimbo mwingi.

Trekta ina mikono mitatu nyuma. Miwili iko chini, kushoto na kulia, na mmoja uko juu katikati. Plau inashikwa na yote mitatu. Trekta ikisonga, mikono ya chini inavuta plau mbele, na udongo unaivuta nyuma huko chini kwenye ncha. Sasa fikiria kitu kinachozuiwa miguuni: kichwa chake kinataka kuanguka mbele. Vivyo hivyo sehemu ya juu ya plau inasukuma kuelekea trekta, na ule mkono wa juu unabanwa. Udongo ukiwa mgumu zaidi, mkono unabanwa zaidi. Ferguson aliweka springi pale mkono wa juu unapogusa trekta, na springi hiyo akaiunganisha na vali ya haidroliki. Mkono ukibanwa kupita kiasi ulichokiweka, vali inafunguka, mafuta yanaingia, mikono ya chini inainua plau kidogo. Mzigo unapungua, springi inarudi mahali pake, plau inashuka tena. Hakuna dereva aliyegusa kitu. Na wakati huohuo uzito wa plau, pamoja na nguvu ya udongo inayoivuta chini, unakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze, huku mkono wa juu ukisukuma trekta mbele ili pua isiinuke.

Yaani kile kitu kilichokuwa kikiua madereva, upinzani wa udongo, amekigeuza kuwa ndicho kinachoishikilia trekta chini. Kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo trekta inavyoshika ardhi. Ni kitanzi cha mrejesho, kama ule ambao TCP hutumia kupunguza kasi pakiti zikianza kupotea, ila huu ni wa springi na mafuta, na ni wa miaka 60 kabla yake.

Trekta ya kwanza kuuzwa ikiwa na mfumo huu ilitoka Uingereza mwaka 1936, kwa ushirikiano na David Brown, mtengeneza gia. Hazikuuzwa sana, kama 1,350 tu hivi. Oktoba 1938 Ferguson alivuka bahari kwenda kwa Henry Ford mwenyewe, nyumbani kwake Dearborn. Ford alikuwa mzee wa miaka 75, mtoto wa mkulima, na aliyekuwa akitafuta trekta ya kurithi nafasi ya Fordson kwa miaka. Walifanya majaribio shambani. Kisha wakakaa mezani nje, Ferguson akatoa mfano mdogo wa kuchezea unaoendeshwa kwa springi, akamwonyesha. Walisimama, wakapeana mikono. Hakuna mkataba ulioandikwa. Ford atengeneze, Ferguson auze.

Juni 1939 trekta yao, Ford 9N, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na uzito wa tani moja hivi, na bei ya dola 585. Siku hiyo walimpandisha mvulana wa miaka 8 akalima nayo mbele ya wageni. (Usijaribu nyumbani. Nitarudi kwa jambo hili.) Kufikia 1947 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 300,000.

Halafu yakaja yale ambayo kila mtu aliyewahi kufanya kazi bila kandarasi anayajua. Mjukuu, Henry Ford II, alichukua usukani 1945, akatazama hesabu, akaona kampuni inapoteza pesa kwenye trekta hizo. Akavunja makubaliano ya babu yake. Mwaka 1947 Ford walitoa trekta yao, 8N, yenye mikono mitatu ileile, na wauzaji wao wenyewe. Ferguson alienda mahakamani kudai dola milioni 251. Kesi ilikwisha Aprili 1952 kwa mapatano, akalipwa dola milioni 9.25, na Ford wakakubali kuacha kutumia sehemu fulani ya haidroliki yake.

Hapa nina maoni yangu, na najua wengine hamtakubaliana nami. Ferguson huelezwa kama mtetezi wa mkulima mdogo, na ni kweli alihubiri hivyo maisha yake yote. Lakini mfumo wake aliutaka ufungwe. Trekta ya Ferguson, plau ya Ferguson, haro ya Ferguson, trela ya Ferguson. Ukiingia ndani ya mfumo, hutoki. Ni baada ya hataza kuisha muda wake, na baada ya makampuni mengine kuiga moja baada ya jingine, ndipo mikono mitatu ikawa mali ya kila mtu. Wahandisi wakakaa wakakubaliana vipimo: unene wa pini, umbali kati ya mikono. Leo kiwango hicho kinaitwa ISO 730. Pini za chini za daraja la kwanza zina kipenyo cha milimita 22, ya juu 19. Daraja la pili, kwa trekta kubwa zaidi, ni 28 na 25. Mchomeleaji wa jua kali Nakuru ambaye hajawahi kusikia jina la Ferguson anaweza kukutengenezea trela au haro ikaingia kwenye trekta ya Mhindi, ya Mjapani au ya Mwingereza. Sisi tunaita hiyo kiolesura kilicho wazi, na tunapigania mambo kama hayo kila siku kwenye programu huria. Wakulima walikuwa nacho zamani.

Ferguson mwenyewe alikuwa ameanza upya Uingereza. Kuanzia 1946 hadi 1956 kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry kilitoa trekta yake ya kijivu, TE20, zaidi ya 500,000. Ndizo Edmund Hillary alizozifunga minyororo akafika nazo Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Mwaka 1953 kampuni ikaungana na Massey-Harris ya Kanada, na jina likaja kufupishwa kuwa Massey Ferguson. Zile nyekundu za Trans Nzoia ni wajukuu wa trekta hiyo ya kijivu.

Sasa, wakati Coventry inatoa matrekta madogo ya kijivu, serikali hiyohiyo ya Uingereza ilikuwa ikifanya kinyume chake hapa kwetu jirani. Mwaka 1947 ilianza mradi wa karanga Tanganyika, makao yake Kongwa. Mpango ulikuwa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 za pori na kupanda karanga za kukamua mafuta, kwa kuwa Ulaya ilikuwa na njaa ya mafuta baada ya vita. Walileta matingatinga yaliyobaki kutoka vita vya Pasifiki, mengi yakiwa mabovu. Walileta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta. Kufikia mwisho wa 1947 walikuwa wamefyeka ekari 7,500 hivi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, jua likiuchoma unakuwa kama tofali, na mvua haikuwa ile waliyoiandika kwenye karatasi. Januari 1951 serikali iliufunga mradi, na zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi zikafutwa kwenye vitabu.

Sisemi kwamba trekta ndogo zingeuokoa mradi ule. TE20 haing'oi mbuyu. Kosa la Kongwa lilikuwa kupanga kazi ya udongo bila kuuliza udongo. Lakini nilipoyasoma hayo nilitazama lahajedwali yangu, ile safu ya bei kwa kila farasi, nikajisikia vibaya kidogo.

Huku Kenya matrekta ya Ferguson yalifika mapema kwenye mashamba ya walowezi. Kisha uhuru ukakaribia, na kuanzia 1962 mpango wa ekari milioni moja ukaanza kuyagawa mashamba hayo kwa familia za Waafrika, kama familia 35,000 kwa jumla. Watoto wakazaliwa, ardhi ikagawanywa tena, na tena. Trekta hazikugawanyika. Mashine iliyopimwa kwa ajili ya shamba la mlowezi ndiyo bado inazunguka kwenye vishamba vya ekari 2 na 4, ikikata kona mara nyingi kuliko inavyolima. Foleni ya Mzee ilianzia hapo.

Watu waliliona tatizo. Miaka ya 1960, kwenye shamba la Chuo Kikuu cha Makerere huko Kabanyolo, Uganda, walibuni trekta ndogo na rahisi kwa mkulima wa Afrika. Miaka ya 1970 Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, nayo ilitoa Tinkabi, jina linalomaanisha maksai. Zote zilikuwa na nia njema, na leo huzioni barabarani. Trekta inayotengenezwa mia chache haiwezi kushindana kwa bei na ile inayotengenezwa laki tano, na ukiibuni iwe ya pekee, vifaa vyake navyo vinakuwa vya pekee. Mjomba wangu ni shahidi. Alinunua ile trekta ya kutembea nayo, ya magurudumu mawili, kutoka kwa wakala mmoja ambaye duka lake halipo tena. Kiungo chake cha nyuma kilikuwa cha muundo wao wenyewe. Plau ilipovunjika hakupata nyingine ya kuingia pale, si Kitale, si Eldoret. Leo injini yake inazungusha mashine ya kukatia ng'ombe majani, na haijambo kwa kazi hiyo.

Siku hizi kuna pia wanaojaribu kulitatua tatizo la foleni kwa programu. Hello Tractor, iliyoanzishwa 2014, inaunganisha wenye trekta na wakulima kwa simu, na ni wazo ninaloliheshimu. Lakini yeyote aliyewahi kuendesha tovuti ya matokeo ya mitihani anajua shida ya kila mtu kubisha saa moja. Mvua ikishuka Trans Nzoia, sote tunataka trekta wiki ileile. Kupanga foleni vizuri ni jambo jema, ila hakuongezi trekta wiki hiyo.

Waliopata jibu la trekta ndogo kweli walikuwa Wajapani, na hawakupitia njia ya Ferguson peke yake. Baada ya vita, ardhi ya Japani iligawiwa upya kwa waliokuwa wapangaji, na shamba la kawaida likawa la hekta moja hivi. Yanmar tayari walikuwa wameunda injini ndogo ya dizeli mwaka 1933. Kubota wakatoa trekta yao ya kwanza ya shamba kavu 1960, na kufikia 1969 walikuwa wanauza ya nguvu za farasi 21 Marekani kwenyewe. John Deere hawakujisumbua kubuni za kwao. Kuanzia 1977 walichukua za Yanmar, wakazipaka rangi ya kijani.

Siri yao ilikuwa rotaveta. Kifaa hicho si chao. Kilitokana na kijana wa Australia, Cliff Howard, aliyeanza majaribio kwenye shamba la baba yake Gilgandra mwaka 1912. (Wapenda mafumbo, lisomeni jina lake la Kiingereza, rotavator, kutoka nyuma.) Plau inahitaji trekta ivute, na kuvuta kunahitaji uzito. Rotaveta inazungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ile mafundi huita PTO, na visu vyake vinapokata udongo vinaisukuma trekta mbele badala ya kuizuia. Kwa hiyo trekta nyepesi inalima kwa nguvu ya injini, si kwa uzito wake. Hiyo ndiyo sababu kitu cha kilo mia chache kinaweza kufanya kazi kwenye mpunga wa Japani.

Kina ubaya wake pia. Ukizungusha visu kwenye udongo uliokauka, unatengeneza vumbi, na mvua kubwa ya kwanza inalipeleka mtoni. Na kina hakifiki mbali. Kwa ekari 4 za mahindi, udongo mwekundu, baada ya mvua kulainisha kidogo, fundi wetu anasema rotaveta inatosha miaka miwili au mitatu, halafu lazima upitishe kitu cha kuchimba chini kuvunja ule mgando ulioshikana. Kitu hicho kinaingia kwenye mikono mitatu. Tumerudi palepale.

Basi niliifuta lahajedwali nikaanza upya, kuanzia nyuma ya trekta. Massey kuukuu ilitoka mapema. Mikono yake ni mizuri, spea zake ziko kila duka, lakini fundi alipoweka haro nyuma na kuinua, mikono ilishuka yenyewe tukitazama. Pampu na sili zimechoka. Ni trekta ambayo inaweza kuvuta trela na si kushika plau, na muuzaji hakuwa amesema. Tena kwa boma letu na ekari 4 ingekuwa kubwa, na Mzee angejikuta analimia watu ili ilipe dizeli yake.

Ile mpya ilinivutia sana. Ina fremu ya kinga juu ya kiti, na jambo hilo silichukulii kwa urahisi. Sweden ilianza kuzilazimisha kwenye trekta mpya mwaka 1959, kwa sababu mikono mitatu haikumaliza kupinduka. Inasaidia ukiwa umefunga kifaa mahali pake. Siku ukifunga mnyororo kwenye ekseli au kwenye mkono wa juu ili ung'oe kisiki, umeirudisha trekta yako mwaka 1917. Nimemwambia Mzee hivyo mara tatu, maana visiki tunavyo. Lakini nilipochukua kalipa nikapima pini za ile trekta, hazikuwa 22 wala 28. Muuzaji alisema wana vifaa vyao vyote, "mfumo kamili". Nikamkumbuka mjomba.

Tukabaki na Mjapani. Pini za chini 22, ya juu 19. Shafti ya nyuma ina meno 6 na kipenyo cha inchi 1 na robo tatu ya nusu, yaani inchi 1⅜, ambacho ni kipimo cha kawaida. Ina kasi kadhaa, na moja tu kati yake iko karibu na mizunguko 540 kwa dakika ambayo vifaa vingi vimetengenezewa. Maandishi ya gia yako kwa Kijapani, kwa hiyo tulipiga rangi nyekundu kwenye namba ile ili asije mtu akaweka nyingine na kuvunja kifaa. Haina fremu ya kinga. Mchomeleaji alitaka kutuundia kwa mabomba ya maji, nikakataa. Tutafuta iliyopimwa, na bei yake nimeiongeza kwenye hesabu. Haro tuliinua, tukanywa chai, tukarudi. Ilikuwa palepale juu.

Mzee hajalipa bado. Mama amesema atakuja mwenyewe Eldoret kuiona, na ameuliza kama kuna anayeuza spea zake karibu, swali ambalo lilistahili kuwa kwenye lahajedwali yangu tangu mwanzo. Yupo, nimeongea naye, ana vichujio na visu vya rotaveta, klachi huagiza. Kalipa nilimwachia Mzee. Jumamosi alinipigia asubuhi sana, akiwa kwa jirani, ananong'ona kama mtu aliyeingia bila ruhusa. "Hii plau ya diski pini zake ni 28," akasema. "Hii hatutaweza kuiazima."